Embe la mwezi wa nne: namna ya kuandika kumbukumbu zako bila kumdanganya msomaji

Kwa miaka mingi nilikuwa na hakika na jambo moja: siku ilipotangazwa redioni kwamba Waziri Mkuu Edward Sokoine amefariki, nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya mlango wa uani kwetu Tabora, nakula embe. Nakumbuka maji ya embe yakinichuruzika hadi kwenye kiwiko. Nakumbuka mama akiniwekea kidole mdomoni ninyamaze, na sauti ya Mwalimu Nyerere ikitoka kwenye redio ya baba, ile iliyofunikwa kitambaa alichofuma mama kwa uzi mweupe.

Nilipoanza kuandika kumbukumbu zangu, tukio hilo lilichukua kurasa tatu. Niliona ndizo kurasa bora kuliko zote. Nikampelekea kaka asome. Alisoma mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja tu: "Maembe ya mwezi wa nne uliyatoa wapi?"

Sokoine alifariki Alhamisi, tarehe 12 Aprili 1984, kwa ajali ya gari pale Dakawa, Morogoro, akitoka Dodoma kwenda Dar es Salaam. Na aliyekulia Tabora anajua kwamba maembe yetu huiva mvua zinapoanza, kuelekea Desemba. Ikifika Aprili, mwembe una majani tu.

Sikuwa nimedanganya. Ningeapa mbele ya yeyote kwamba nilikula embe lile. Lakini niliyoyaandika hayakuwa yametokea, na ningeyachapisha yalivyo, msomaji yeyote wa kwetu angefika hapo akasita, na kuanzia hapo asingeniamini tena, hata kwenye mambo ambayo nina ushahidi nayo. Mwongozo huu umetokana na swali la kaka. Ni kwa yeyote anayetaka kuandika kumbukumbu za maisha yake, awe anaandikia wajukuu au mchapishaji.

Hatua ya kwanza: andika kabla hujamuuliza mtu

Usianze na kuzaliwa kwako. Tawasifu ndiyo hufuata maisha tangu utotoni hadi leo. Kumbukumbu zinaweza kuwa mwaka mmoja, nyumba moja, mtu mmoja. Chagua kipande kinachokusumbua, kaa peke yako na daftari, uandike yote unayokumbuka bila kusimama kusahihisha. Juu ya ukurasa weka tarehe ya siku unayoandika, maana utayakumbuka tofauti baada ya miaka kumi, na utataka kujua ni yupi kati yenu aliyeandika. Shaaban Robert mwenyewe, katika Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, aliyarudia maisha yake akiwa amevuka miaka hamsini, na yule wa sehemu ya pili ya kitabu hatazami mambo kwa macho ya yule wa sehemu ya kwanza.

Anza na mwili: harufu, ladha, baridi ya sakafu. Mimi nilianza na foleni ya duka la kaya, miaka ile ya mwanzo wa themanini baada ya vita vya Kagera, sukari na sabuni vilipokuwa adimu. Nikaandika kuhusu mawe. Watu walikuwa wakipanga mawe kwenye foleni kushika nafasi zao, kisha wanakwenda kufanya shughuli nyingine. Jiwe letu lilikuwa na ubavu mweupe, baba alilipata kandokando ya reli. Kutoka kwenye jiwe nikafika kwenye unga wa yanga, na jinsi ugali wake wa njano ulivyokataa kushuka kooni. Kutoka hapo nikafika kwa mama akifulia majani ya mpapai, povu la kijani likimganda kwenye vidole. Kila kimoja kiliita kingine.

Kwa nini uandike kabla ya kuuliza? Kwa sababu ukishasikia simulizi ya dada yako, hutaweza tena kuitenga na yako. Baada ya mwezi utakuwa unaona kwa macho yake na kudhani ni yako.

Hatua ya pili: pitia rasimu kwa kalamu tatu

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo wengi wanaporuka. Chukua kalamu ya bluu, nyekundu na ya risasi. Pitia sentensi moja baada ya nyingine. Pigia mstari wa bluu uliyoyaona au kuyasikia mwenyewe. Pigia mwekundu uliyoambiwa. Pigia wa risasi uliyojazia ili habari ikamilike.

Ukurasa wangu wa kwanza ulinitisha. Nilikuwa nimeandika: "Baba alirudi kutoka zamu ya usiku akiwa amechoka, koti lake likinuka mafuta ya injini. Mama alikuwa ameficha sukari chini ya kitanda kwa sababu balozi wa nyumba kumi alikuwa akipita kukagua." Harufu ya koti ilikuwa ya bluu, naifahamu hadi leo. Sukari chini ya kitanda ilikuwa nyekundu, aliisimulia shangazi kwenye msiba mmoja nikiwa tayari mtu mzima. Kuchoka kwa baba kulikuwa kwa risasi. Nilimchosha mimi, kwa sababu mtu wa zamu ya usiku anatarajiwa achoke. Inawezekana asubuhi ile alirudi na furaha zake.

Usifute ya risasi zote. Zitazame tu, ujue zipo. Sentensi ya risasi huwa na maneno yanayoisaliti: "bila shaka", "kwa hakika", "lazima alikuwa". Kila nilipoandika "bila shaka", nilikuta sina ushahidi wowote.

Hatua ya tatu: iachie sarufi iseme unajuaje

Kiswahili kimetupa vyombo vya kazi hii, ila tunavitumia bila kuvitazama.

Tazama kwanza tofauti ya "alirudi" na "alikuwa akirudi". Ubongo huchukua jioni mia zinazofanana na kuzifanya moja. Baba alileta mkate kutoka mjini labda mara thelathini katika utoto wangu. Mimi nina picha moja tu ya mkate ukiwa umefungwa kwenye gazeti. Nikiandika "Jioni moja baba alirudi na mkate", nimetunga siku ambayo haikuwepo. Nikiandika "Baba alikuwa akirudi na mkate umefungwa kwenye gazeti", nimesema kweli tupu, na sijapoteza harufu ya mkate. Kwa hiyo kila unapokutana na "siku moja" kwenye rasimu yako, jiulize: ni siku moja kweli, au ni desturi iliyovaa nguo za siku moja?

Kisha tazama "ka". Ndiyo injini ya masimulizi yetu tangu ngano za bibi: akaingia, akakaa, akasema. Lakini "ka" hubeba zaidi ya mfuatano. Inamfanya msomaji aone sababu. Niliandika: "Baba akapandisha sauti, akatoka nje, mama akaanza kulia." Msomaji ameshahukumu: baba ndiye aliyemliza mama. Kaka, ambaye ana miaka minne zaidi yangu, anakumbuka mama alikuwa analia tangu mchana kwa sababu ya barua iliyotoka kwao. Mimi nilikuwa na vipande vitatu visivyo na mpangilio, na "ka" tatu zikampa baba hatia. Nilipovunja mnyororo, ikawa: "Nakumbuka sauti ya baba ikiwa juu. Nakumbuka mlango. Nakumbuka mama akilia, na sijui kipi kilitangulia." Baba yangu ni marehemu, hawezi kujitetea kwenye kitabu changu. Sentensi hizi tatu zilikuwa deni langu kwake.

Yapo na maneno madogo: "naambiwa", "kama sikosei", "huenda", "nadhani". Usiyaogope, ila usiyarundike pia. Ukiweka "labda" kwenye kila mstari msomaji atachoka. Weka moja mlangoni mwa tukio, kisha usimulie kwa uhuru. Na "eti" ni hazina. "Eti nilizaliwa ndani ya behewa, treni ya Kigoma ikiwa haijafika Tabora." Kwa silabi mbili msomaji amejua kwamba hii ni hadithi ya ukoo, kwamba nimekua nikiisikia, na kwamba sikuwepo kwa namna ya kuweza kushuhudia.

Kama unataka kuwaza jambo ambalo hukuliona, waza waziwazi. "Nikimfikiria mama usiku ule, namwona akihesabu vijiko vya sukari." Hapo umemwalika msomaji awaze pamoja nawe.

Hatua ya nne: pima kwa msimu, kwa shule, kwa karatasi

Wazee wetu wengi hawakuhesabu kwa kalenda. Mtu alizaliwa mwaka wa nzige, aliolewa baada ya mavuno, alihamia kijiji kipya wakati wa Operesheni Vijiji. Usidharau hesabu hiyo. Ndiyo iliyonikamata kwenye embe. Jiulize: kulikuwa na tope au vumbi? Watoto walikuwa shule au likizo? Tulikuwa tunakula nini?

Kisha funga kumbukumbu zako kwenye siku zinazojulikana. Kwa Mtanzania wa umri wangu ziko nyingi: msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983, kifo cha Sokoine, kuzama kwa mv Bukoba tarehe 21 Mei 1996, kifo cha Mwalimu tarehe 14 Oktoba 1999. Mkenya ana jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, na wote tuna tarehe 7 Agosti 1998, mabomu yalipolipuka Nairobi na Dar es Salaam. Tumia tarehe hizo kama vigingi: je, bibi alikuwa hai bado? Nilikuwa nimeanza darasa la kwanza?

Lakini hata kwenye vigingi hivyo usijiamini kupita kiasi. Chombo cha anga cha Challenger kilipolipuka mwezi Januari 1986, watafiti wa Marekani waliwaandikisha wanafunzi asubuhi iliyofuata: ulikuwa wapi, nani alikuambia. Walipowauliza 44 kati yao tena baada ya miaka miwili na nusu, robo yao walikosea kila jambo kubwa, na wengi walikuwa na hakika kabisa na majibu mapya. Uhakika wa moyo haupimi chochote. Nilipoisoma habari hiyo nilipata ahueni kidogo kuhusu embe langu.

Ukiweza, nenda maktaba ukafungue magazeti ya wakati huo. Ukurasa wa matangazo na bei utakukumbusha mengi kuliko ukurasa wa mbele.

Na karatasi nazo zisikutawale. Kizazi changu wengi tuna tarehe mbili za kuzaliwa, ya mama na ya shule. Mtoto alipelekwa kuandikishwa, akaambiwa apitishe mkono juu ya kichwa aguse sikio la upande wa pili. Asiyefika alirudishwa nyumbani, na aliyefika aliandikiwa mwaka wowote uliofaa. Kadi yangu ya kliniki inasema nilizaliwa hospitali. Nilidhani imemaliza hadithi ya behewa. Shangazi akacheka: "Mwanangu, kadi iliandikwa treni ilipofika. Ulitaka waandike behewa?" Mpaka leo sijui. Kitabuni nimeweka kadi na nimeweka kicheko chake.

Hatua ya tano: waulize ndugu, lakini usiwawekee jibu mdomoni

Mwaka 1974 wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu ya magari yakigongana. Watu 50 waliulizwa mwendo wa magari "yalipogongana", wengine 50 "yalipobamizana". Wiki moja baadaye wote waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Hakukuwa na kioo chochote. Kundi la kwanza watu 7 walisema waliviona. Kundi la pili, 16. Kitenzi kimoja kilivunja vioo.

Sasa fikiria unavyomuuliza mama mdogo: "Unakumbuka baba alivyotutelekeza mwaka ule?" Umeshampa kitenzi. Atakujibu kwa kitenzi chako, nawe utaandika kwamba mama mdogo naye amethibitisha. Uliza hivi: "Shikamoo mama mdogo. Mwaka ule tulipokaa kwa bibi, ilikuwaje?" Kisha nyamaza. Kunyamaza ni kugumu, hasa mbele ya mkubwa anayetafuta maneno, lakini jambo lenyewe mara nyingi huja baada ya kimya cha pili.

Mwone kila mtu peke yake. Ukiwakusanya sebuleni, mkubwa atasema na wadogo wataitikia, si kwa uongo bali kwa adabu. Picha za albamu zitoe mwisho, maana picha ikishaonekana mtu husimulia picha. Na mkitofautiana, usilazimishe usawa. Dada yangu anakumbuka nyumba yetu ilikuwa kubwa. Alikuwa mdogo, dari ilikuwa mbali naye.

Mazungumzo

Hapa nina msimamo mkali kuliko walimu wengi wa uandishi. Hakuna anayekumbuka mazungumzo ya kurasa mbili ya mwaka 1984. Alama za kunukuu ni ahadi kwa msomaji, kwa hiyo ndani yake weka tu maneno unayoyasikia bado masikioni, mengine yaeleze: alisema kwamba, alikataa, alinikumbusha.

Kuna na suala la lugha ambalo tunalipita kimyakimya. Bibi yangu alisema nami Kinyamwezi maisha yake yote. Rasimu yangu ya kwanza ilimfanya azungumze Kiswahili sanifu kama mtangazaji. Wasomaji wengi wa Kiswahili wana bibi wa namna hiyo, wa Kihaya, Kikamba, Kiganda au Kibembe. Nimeamua kusema mapema, kwenye ukurasa anapotokea mara ya kwanza, kwamba maneno yake nimeyatafsiri, na kwamba sauti yake ilikuwa fupi na kali kuliko Kiswahili changu kinavyoweza. Baada ya hapo nikapunguza maneno yake hadi machache ninayoyamudu.

Walio hai

Kubadili majina ni halali, ukisema umebadili. Kuunganisha shangazi wawili wakawa mmoja ili kitabu kiende haraka, sikushauri. Ukifanya, mwambie msomaji. Siri isiyo yako waombe wenyewe. Nilikuwa na sura nzima kuhusu ugonjwa wa binamu yangu, nzuri, yenye ukweli wa bluu mwanzo hadi mwisho. Alinisikiliza kwa simu hadi nikamaliza kusoma, akasema, "Dada, hiyo niachie mimi." Nimemwachia.

Wape ndugu rasimu kabla ya kuchapa, wapewe kwa ajili ya makosa na si kwa ajili ya ruhusa ya kila sentensi. Waambie hivyo mapema. Anayesema "si kweli" muulize ni kipi hasa: tarehe, neno, au namna alivyoonekana? Tarehe utarekebisha. Namna alivyoonekana mtaizungumza, na pengine mtabaki hapo.

Hatua ya mwisho: fanya nini na kosa lako

Ukikuta kumbukumbu yako haiwezekani, usiifute haraka. Ichambue kama fundi cherehani anavyofumua mshono, uone kila kitambaa kilitoka wapi.

Nilirudi kwa kaka na swali la desturi: jioni kwetu ilikuwaje? Akasema mama alikuwa akininyamazisha kila siku taarifa ya habari ilipoanza, kwa sababu nilikuwa mtoto wa maneno mengi, na ngazi ile ya uani ndiyo ilikuwa mahali pangu pa kulia embe msimu wote. Kwa hiyo kidole cha mama kilikuwa cha jioni zote, embe lilikuwa la Desemba, na sauti ya Mwalimu ilikuwa ya Aprili. Mimi nilizishona pamoja.

Kurasa tatu sasa ni aya moja. Iko hivi:

"Jioni mama alikuwa akiniwekea kidole mdomoni habari zilipoanza, nami nilikuwa nikikaa ngazini nikitafuna embe kimya. Siku aliyofariki Sokoine namwona akifanya vilevile, na embe naliona mkononi. Kaka anasema Aprili hakuna embe Tabora, na ni kweli. Sijui mikono yangu ilikuwa imeshika nini siku ile. Sauti ya Mwalimu naikumbuka, na mama akivuta kile kitambaa cheupe juu ya redio, kama mtu anayemfunika mtoto."

Kitambaa nimekipigia mstari wa bluu. Dada anacho hadi leo.